Saa sita za huduma, macho ya mtu mmoja: kisa cha Ann Marie Smith wa Adelaide

Tarehe 6 Aprili 2020, Ann Marie Smith alifariki dunia katika Hospitali ya Royal Adelaide, jijini Adelaide, makao makuu ya jimbo la Australia Kusini. Alikuwa na umri wa miaka 54 na aliishi na mtindio wa ubongo. Alifikishwa hospitalini siku moja kabla, na madaktari wakamfanyia upasuaji mkubwa kuondoa nyama iliyokwisha kuoza kwenye vidonda vya mgandamizo. Mgonjwa alikuwa amefikishwa kwao akiwa amechelewa. Sababu za kifo zilizotajwa ni mshtuko uliotokana na maambukizi kuenea mwilini, viungo kadhaa kushindwa kufanya kazi, vidonda vikali vya mgandamizo, na utapiamlo.

Polisi walieleza baadaye kwamba kwa zaidi ya mwaka mmoja Bi. Smith alikuwa akikaa kwenye kiti kimoja cha henzerani sebuleni kwake, usiku na mchana. Kiti hicho ndicho kilichokuwa kitanda chake, na ndicho kilichokuwa choo chake. Walipokagua nyumba hawakuona friji. Walisema pia kuwa vito vyake havikuonekana, na urithi wa zaidi ya dola 70,000 alioachiwa na wazazi wake ulikuwa umekwisha.

Ukisoma hadi hapo unaweza kudhani huyu alikuwa mtu aliyesahaulika, maskini asiye na rekodi popote. Ilikuwa kinyume kabisa, na ndiyo maana kisa hiki kinastahili kuchambuliwa na kila anayefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa, wazee na wenye ulemavu majumbani. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe, katika mtaa wa Kensington Park, mashariki mwa jiji, mtaa wa watu wenye uwezo. Alikuwa mwanachama wa NDIS, mpango wa taifa wa bima ya ulemavu ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Mpango huo ulikuwa ukilipia huduma ya muda wa saa sita kila siku. Kampuni iliyomhudumia ilikuwa imesajiliwa. Juu ya kampuni hiyo kulikuwa na Tume ya Ubora na Ulinzi, chombo kilichoanza kusimamia watoa huduma wa Australia Kusini tarehe 1 Julai 2018, kikiwa na viwango vya utendaji, maadili ya wahudumu, utaratibu wa malalamiko, na sharti la kuripoti matukio makubwa ndani ya saa 24.

Kwa hiyo viwango vilikuwepo. Fedha zilikuwepo. Muda ulikuwepo.

Tukae kidogo kwenye huo muda, kwa sababu katika mijadala ya huduma za majumbani lawama ya kwanza huwa ni haraka. Uingereza, kwa mfano, kelele zilikuwa kubwa juu ya ziara za dakika 15, ambapo mhudumu anaingia, anamnyanyua mzee, anambadilisha nepi, anampa vidonge na kukimbilia nyumba nyingine kabla chai haijapoa. Mwaka 2015 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya afya huko, ilisema ziara ya kawaida isipungue nusu saa. Lawama hiyo ni ya haki. Kwa Bi. Smith haikuhusika. Anayeijua kazi hii anajua saa sita zinatosha nini: kumwogesha bila papara, kukausha mikunjo ya ngozi, kupaka mafuta, kubadilisha shuka, kupika na kumlisha milo miwili kwa utulivu, kumpumzisha kitandani ili matako yapate nafuu, kufua, kumtoa nje apate jua, kumpeleka kwa daktari ikiwa ni siku ya kliniki. Na kesho yake saa sita nyingine zinaanza. Ukizijumlisha kwa mwaka unapata zaidi ya saa elfu mbili. Katika saa hizo zote, mwili wake uliendelea kuoza kwenye kiti.

Kidonda kinasema tangu mapema

Vidonda vya mgandamizo, ambavyo wengi huviita vidonda vya kulalia, kwa kawaida havizuki usiku mmoja. Hilo ndilo linalokifanya kisa hiki kiwe kizito, maana ngozi yenyewe hutunza kumbukumbu kuliko daftari lolote la zamu.

Mfupa unapokandamiza nyama dhidi ya godoro au kiti, mishipa midogo ya damu hubanwa. Sehemu ile hukosa hewa na chakula. Mtu mwenye nguvu hujisogeza bila hata kufikiri, hata usingizini. Asiyeweza kujisogeza hubaki pale pale, na baada ya saa chache ngozi inaanza kulalamika. Mahali pa kutazama panajulikana: chini ya mgongo juu ya matako, mifupa ya kukalia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, na kwa anayelala chali, kisogo na mabega. Dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea unapobonyeza kwa kidole na kuachia. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na wahudumu wengi waliofundishwa kwa picha za ngozi nyeupe hupitwa hapo. Kwetu sisi ni mkono unaopima: joto tofauti na sehemu ya jirani, ugumu au ulaini usio wa kawaida, rangi iliyozidi kuiva kuwa ya zambarau, na mgonjwa kushtuka ukimgusa.

Hiyo ni hatua ya kwanza, na ikigunduliwa hapo tiba yake ni kumwondolea uzito tu. Hatua ya pili ngozi imechubuka au imetoa malengelenge. Ya tatu kidonda kimefika kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Ya nne unaona misuli, kano, hata mfupa. Mtu akifika hatua ya nne, kwa kawaida maana yake kuna siku nyingi ambapo mtu aliyekuwa karibu naye ama hakutazama, ama alitazama na kunyamaza.

Kukaa ni hatari kuliko kulala, jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Huwa tunafurahi mgonjwa "anapokaa", tunaona amepata nafuu. Lakini anayekaa uzito wake karibu wote unashuka kwenye mifupa miwili midogo ya kukalia, na akiteleza kidogo kidogo kwenda mbele ngozi inavutwa huku na nyama huku. Ndiyo sababu wauguzi hushauri kwamba mtu aliye hatarini asikalishwe kwa zaidi ya saa mbili mfululizo, na kitandani ageuzwe angalau kila saa mbili hadi nne kulingana na hali yake na godoro lake. Weka juu ya hayo mkojo na kinyesi vinavyolainisha ngozi hadi inachanika kama karatasi iliyolowa, kisha weka lishe duni. Bila protini ya kutosha mwili hauna cha kujengea ngozi mpya.

Kuna kipimo kinachotumika hospitali nyingi duniani kiitwacho Braden. Kina maeneo sita: uwezo wa kuhisi maumivu, unyevu wa ngozi, kiasi cha kutembea, uwezo wa kujigeuza, lishe, na msuguano. Alama za juu kabisa ni 23, na anayepata 18 au chini yake yuko hatarini. Kukijaza kunachukua dakika chache na hakuhitaji mashine. Mtu anayeishi kwenye kiti, asiyeweza kujigeuza, anayejisaidia pale pale na asiye na friji ya kuhifadhia chakula, alama zake ni za chini kiasi kwamba muuguzi yeyote angepiga simu siku hiyo hiyo. Ilitosha muuguzi huyo aingie mlangoni mara moja.

Nani alipaswa kuingia mlangoni

Hapa ndipo ninapotaka msomaji awe mvumilivu, kwa sababu jibu rahisi lipo na ni la kweli: mhudumu wake alimtelekeza. Alikuwa mhudumu mmoja, akimhudumia peke yake. Mwaka 2021 alikiri mahakamani kosa la kuua bila kukusudia, na Machi 2022 akahukumiwa kifungo cha miaka 6 na miezi 7, akitakiwa kutumikia miaka 5 na miezi 3 kabla ya kufikiriwa kuachiwa kwa masharti. Haki ilitendeka kwa kadiri mahakama inavyoweza. Sina neno la kumtetea.

Lakini huduma ya majumbani haiwezi kujengwa juu ya matumaini kwamba kila anayeajiriwa ni mwema. Viwango vimewekwa kwa ajili ya siku ambayo mtu atachoka, ataugua, atakata tamaa, ataingiwa na tamaa, au atakuwa mtu mbaya tangu mwanzo. Tuwatazame basi wengine mmoja mmoja.

Kampuni ilikuwa na wajibu wa kumsimamia mfanyakazi wake. Usimamizi ukiishia kwenye simu na kwenye karatasi ya zamu inayojazwa na anayesimamiwa, huo ni uhasibu wa mishahara tu. Wakala wa NDIS, anayepanga na kulipa, alijua saa ngapi zimelipwa. Ankara haioneshi nyama iliyooza. Tume ilikuwa na uwezo wa kuchunguza, ila ilisubiri lalamiko au taarifa, na mtu pekee aliyekuwa akiingia ndani ndiye aliyekuwa na kila sababu ya kutotoa taarifa. Wazazi wa Bi. Smith walikuwa wamekwisha kufariki. Majirani walikuwa hawajamwona nje kwa muda mrefu, na kwenye mtaa wa nyumba zenye kuta na bustani kutomwona mtu si habari.

Jimbo lilikuwa na watembeleaji wa kujitolea, watu wanaoingia kwenye wodi za magonjwa ya akili na makazi ya watu wenye ulemavu kuzungumza na wakazi na kuona hali zao. Nyumba ya mtu binafsi haikuwa kwenye orodha yao.

Na kuna hili, ambalo kwangu ndilo linaloumiza kuliko yote. Tarehe 1 Oktoba 2019, miezi sita kabla ya kifo chake, Australia Kusini ilifungua kitengo cha kuwalinda watu wazima walio hatarini, ambacho mtu yeyote angeweza kukipigia simu akihisi jirani yake ananyanyaswa. Kikaanza na wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, na miaka 50 kwa wenyeji wa asili. Bi. Smith alikuwa na miaka 54 na hakuwa mwenyeji wa asili. Kitengo kilipanuliwa kuwaingiza watu wazima wenye ulemavu tarehe 1 Oktoba 2020. Alikuwa kaburini.

Kila mmoja katika hao alikuwa na sehemu yake ya faili, na kila faili ilitegemea neno la mhudumu yule yule. Ukiziweka zote mezani zinaonekana kama ushahidi mwingi unaokubaliana, kumbe ni ushahidi wa mtu mmoja ulionakiliwa mara nyingi. Huko ndiko ukaguzi wa karatasi unakodanganya. Mkaguzi anauliza: sera ya kuzuia unyanyasaji ipo? Ipo. Mpango wa huduma upo? Upo, umesainiwa. Mhudumu ana cheti cha tabia njema? Anacho. Cheti hicho kinathibitisha kwamba mtu hajawahi kutiwa hatiani. Jana jioni alimgeuza mgonjwa mara ngapi, hakisemi.

Faini ya kuchelewa

Adhabu ya kwanza iliyotangazwa kwa kampuni ilikuwa faini ya dola 12,600. Si kwa sababu mteja wake alioza kwenye kiti. Ni kwa sababu ilichelewa kuiarifu Tume kwamba amekufa. Agosti 2020 ndipo kampuni ilifutiwa usajili na kupigwa marufuku. Sisemi faini ile ilikuwa makosa; taarifa za kifo lazima zifike mapema. Ninachosema ni kwamba kifungu cha karatasi iliyochelewa ndicho kilichokuwa tayari kutumika, na hilo linaonesha mfumo ulikuwa umejiandaa kuona nini.

Tume ilimpa Alan Robertson, jaji mstaafu wa Mahakama ya Shirikisho, kazi ya kuchunguza usimamizi wa huduma alizopewa Bi. Smith. Ripoti yake ya mwisho wa Agosti 2020 ina mapendekezo kumi. Mawili kati yake yanabeba mzigo wote. La kwanza: mtu aliye hatarini asihudumiwe nyumbani kwake na mhudumu mmoja peke yake. La pili: kila mtu wa namna hiyo awe na mtu anayejulikana kwa jina mwenye wajibu wa jumla juu ya usalama na ustawi wake. Mengine yalihusu kuwatambua mapema walio hatarini, watembeleaji wa kujitolea, na vyombo vya serikali kupeana taarifa badala ya kila kimoja kulinda kabati lake. Mwaka 2021 bunge la shirikisho lilipitisha marekebisho ya sheria ya NDIS kwa ajili ya washiriki walio hatarini, hasa kuhusu kupeana taarifa na mamlaka ya kuwapiga marufuku watoa huduma.

Pendekezo la mhudumu asiwe mmoja linaonekana jepesi, lakini lina upinzani wa haki. Watu wengi wenye ulemavu wanataka mhudumu mmoja wanayemzoea. Ni mwili wao. Hawataki kila wiki sura mpya inayowavua nguo. Na kuzoeana ni sehemu ya ubora: anayekujua ndiye anayetambua kwamba leo umekula kidogo. Wapo pia wanaoogopa, na historia inawapa sababu, kwamba ukaguzi mwingi utaigeuza nyumba yao kuwa taasisi ile ile waliyopigania kutoka. Ukimwekea mtu mzima mkaguzi sebuleni kila mwezi kwa sababu tu ana kiti cha magurudumu, umemvunjia heshima.

Mimi naona hoja hiyo inazuia aina moja ya jibu, haizuii jibu. Macho ya mtu wa pili si lazima yawe ya mkaguzi mwenye kalamu. Mhudumu mkuu abaki yule yule siku tano, wa Jumamosi awe mwingine. Muuguzi apite mara moja kwa mwezi kutazama ngozi na uzito. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aje kwa kazi yake. Rafiki wa kanisani au msikitini, jirani anayeleta gazeti. Kinachotakiwa ni kwamba angalau mmoja wao asiwe anaajiriwa na yule yule, asiwe anategemea mshahara kutoka kwa yule yule, na awe anaweza kuzungumza na mhudumiwa faraghani, milango ikiwa imefungwa. Bi. Smith alinyimwa hilo la mwisho kuliko yote. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Wajibu wa mtu mwenye jina nao una kisa chake, cha upande wa pili wa dunia. Januari 2013 huko Banstead, Surrey, Uingereza, mjane wa miaka 81 aitwaye Gloria Foster alikuwa akitembelewa na wahudumu mara nne kwa siku. Kampuni iliyowaajiri ilivamiwa na maofisa wa uhamiaji kwa tuhuma za kuajiri wasio na vibali, ikasimama kazi. Halmashauri ilikuwa na taarifa ya uvamizi, lakini hakuna aliyepanga wahudumu wengine kwa ajili yake. Alikaa siku tisa bila chakula, maji wala dawa, hadi muuguzi wa jamii alipobisha hodi. Alifariki siku chache baadaye, mwanzoni mwa Februari. Macho ya wahudumu kadhaa yalikuwa yamepita kwake, ila hakuwepo mtu mmoja ambaye asubuhi ile angeamka na kusema, "Gloria yuko mikononi mwangu, nani anakwenda?" Kwa wahamiaji wenzetu wanaofanya kazi hii Ulaya kisa hicho kina uzito wa ziada, maana msako wa vibali ulipofanyika kila ofisi ilikuwa na mpango wa namna ya kuwashughulikia wafanyakazi, na bibi kitandani hakuwa kwenye mpango wowote.

Mama yuko Tanga, sisi tuko Melbourne

Wasemaji wa Kiswahili wamo ndani ya kisa hiki kwa njia mbili. Wengi wetu tulioko Australia, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, tunaishi kwa kazi ya kuhudumia wazee na wenye ulemavu majumbani mwao. Na wengi, tukiwa huko au Uingereza, Muscat au Minnesota, tumemwacha mzazi nyumbani chini ya uangalizi wa dada wa kazi mmoja, tukituma fedha kila mwezi kwa simu.

Nianze na la pili. Mama amepata kiharusi, upande mmoja hausogei. Ndugu wamechanga, ametafutwa binti kutoka kijijini, anapika, anafua, anawapeleka wajukuu shule, na juu ya hayo anamhudumia mama. Kila Jumapili tunapiga simu ya video. Tunauona uso wa mama, umepakwa mafuta, amevalishwa khanga safi. Tunalia kidogo, tunashukuru, tunakata. Simu ile ndiyo ankara ya NDIS. Inaonesha kwamba kuna kitu kilifanyika, na inaonesha mahali ambapo vidonda havitokei.

Vinavyoonekana kutoka mbali vipo, na si vigumu. Pampasi za watu wazima: mtu asiyeweza kwenda chooni hutumia tatu au nne kwa siku, kwa hiyo pakiti ya kumi isiyokwisha kwa wiki mbili inatoa habari mbaya. Vidonge vya presha: mwisho wa mwezi vihesabiwe vilivyobaki. Uzito, au kama hakuna mzani, mzunguko wa mkono wa juu upimwe kwa utepe wa fundi cherehani mahali pale pale kila mwezi na namba iandikwe. Visigino na sehemu ya chini ya mgongo vitazamwe na mwanamke mwingine wa familia au muuguzi wa zahanati, kwa staha, wakati binti yuko nje amepumzika. Na mama aulizwe maswali na mtu huyo wakiwa wawili tu. Kama kiharusi kimemchukua sauti, aulizwe ya ndiyo na hapana, ajibu kwa kukonyeza jicho.

Nchi zetu zina uzoefu wa jambo hili ambao tumeuacha upotee upesi mno. Miaka ile UKIMWI ulipokuwa ukijaza nyumba wagonjwa, kabla dawa hazijaenea, huduma za wagonjwa majumbani zilisimama juu ya watu watatu: ndugu anayelala na mgonjwa, mhudumu wa kujitolea wa mtaani aliyepewa mafunzo na mkoba wa vifaa, na muuguzi wa kituo cha afya aliyemsimamia mhudumu. Dawa zilikuwa chache, glavu zilikwisha mara kwa mara. Lakini mgonjwa alikuwa akionwa na watu wasio wa nyumba moja. Leo familia yenye fedha mjini inaweza kununua kitanda cha hospitali na godoro la hewa, ikakosa kitu hicho kimoja.

Binti wa kazi naye ana haki katika hesabu hii. Kumnyanyua mtu mzima peke yake kunavunja mgongo. Kuamka usiku kumgeuza mgonjwa na kupika chai alfajiri hakuwezekani kwa mwezi mzima. Anayefanya kazi za watu watatu kwa mshahara wa mmoja ataanza kuruka jambo, na la kwanza kurukwa ni lile lisiloonekana. Akipatikana wa kumpokea siku moja kwa wiki, mama anapata macho mapya na binti anapata usingizi.

Kwa wenzangu tunaofanya kazi hii ughaibuni kwa zamu za vibarua, najua hofu ilivyo. Ukilalamika zamu zinapungua, na wengine kibali cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Lakini tazama upande wako. Mhudumu anayefanya kazi peke yake ndani ya nyumba ya mtu mwingine hana shahidi. Pete ikipotea, mfupa ukivunjika, ngozi ikichubuka, neno lako liko peke yake dhidi ya neno la familia na la kampuni. Australia, maadili ya NDIS yanambana kila mhudumu, aliyeko kwenye kampuni iliyosajiliwa na aliyeko kwenye isiyosajiliwa, na yanamtaka atoe taarifa ya hatari bila kusubiri ruhusa ya msimamizi. Malalamiko yanaweza kupelekwa Tume moja kwa moja.

Kabla ya kukubali zamu ya kudumu kwa mtu anayeishi peke yake, uliza ofisini mambo matatu na uombe yajibiwe kwa maandishi: nani mwingine anaingia nyumba hii na siku gani, ngozi ilikaguliwa mara ya mwisho lini na nani, na nani mwenye wajibu juu ya huyu mtu nikiugua kesho. Wakikosa jina la kuandika kwenye jibu lolote, omba wamtafute mtu huyo kwanza, na zamu iendelee kujazwa na wahudumu wawili kwa kupokezana hadi apatikane.